Jibu: Thomson akishalainika, harudi kwenye kongelateri

Usilipe hizo karto sita za thomson, yule samaki wa bahari anayeletwa akiwa ameganda. Umeuliza jamii za samaki wa bahari zinazofaa kuuzwa hapa Lubumbashi, na kama thomson anaweza kungoja sikukuu ndani ya kongelateri (friza) wakati kuranti, yaani umeme, inaenda na kurudi. Halafu unasema muuzaji wa jumla amekutuliza: eti samaki wa bahari ana chumvi mwilini, haozi haraka.

Huyo anauza karto na uongo kwa bei moja, na si wa kwanza. Samaki hawa hutoa chumvi ya ziada mwilini mchana na usiku, nyingi kwa matamvua. Nyama yao haina chumvi ya kuzuia kuoza. Chemsha thomson bila kutia kitu, onja.

Thomson ni wa jamii ya Carangidae. Pitisha kidole ubavuni: utakuta mstari wa magamba magumu unaopinda, halafu unakwaruza hadi mkiani. Anayeingilia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mara nyingi amevuliwa Namibia, na karto imeandikwa Trachurus capensis. Ana mafuta, na nyama yake ina histidini nyingi, kitu cha kawaida cha protini. Akipata joto, bakteria wa matumboni na kwenye matamvua wanaigeuza histidini kuwa histamini, ambayo ikizidi ni sumu. Hapo ndipo hasara yote ilipo, maana histamini haiondoki kwa moto wala kwa barafu. Kaanga hadi awe mkaa, mpake ndimu, mtie moshini: bado imo. Mlaji anawaka uso, kichwa kinagonga, mwili unamwasha, pengine anatapika, na bukari (ugali) hata haijapoa. Mtaani watasema umemroga. Na usiniambie utanusa, samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka vibaya.

Sasa angalia kongelateri yako. Kuranti ikikatika usiku, karto za juu na za pembeni zinalainika kwanza, ya katikati inabaki jiwe. Asubuhi unagusa ile ya katikati, unafurahi. Kuranti inarudi, zote zinaganda tena, na histamini iliyokwisha kutengenezwa imebaki palepale. Tena hata bila kukatika, mafuta ya thomson yanachacha polepole kwenye -18°C: tumbo linageuka njano, ladha inakwaruza koo.

Kwa hiyo akishalainika hadi kidole kinazama, harudi kwenye kongelateri. Kama amelainika sasa hivi na bado ni baridi, muweke kwenye barafu, umuuze leo. Kama hujui amelala hivyo saa ngapi, mtupe. Najua wakubwa wa hapa watasema naogopa samaki kuliko mamba. Mamba angalau anaonyesha meno.

Scombridae, yaani makrel na tuna, ni hivyohivyo, na sardini wa Clupeidae pia. Gadidae, ile moru ya makayabu (samaki wa chumvi), na Merlucciidae, yaani merlu, ni weupe, mafuta yao yako kwenye ini, histamini si shida yao kubwa; ila merlu akiyeyuka mara mbili anakuwa uji kwenye sufuria. Sparidae, dorade, nyama imara, bei inauma.

Kabla ya kutoa franka, fungua karto ya chini kabisa, si ile aliyokuwekea mbele. Madoa ya maji ya damu yaliyokauka kwenye karatasi, barafu nyekundu imejikusanya kona moja, matumbo yamepasuka: hiyo ilishayeyuka. Atakuambia ni barabara, ni mpaka, ni joto la Oktoba. Mwache aongee.

Nunua karto utakazomaliza kabla kuranti haijakuchezea, hata kama ni moja. Samaki wa kuuza kesho myeyushe usiku ndani ya frigo, sehemu ya chini, si kwenye beseni juani, wala kwa maji ya moto: ngozi inaiva, katikati bado jiwe. Na tafuta kipimajoto, ukiweke katikati ya karto za juu, si mlangoni.