Mama anataka kuuza kiwanja nikasome ng'ambo

Shangazi, shikamoo. Niko mwaka wa pili chuoni hapa Kampala, nasomea takwimu. Kabla sijamaliza nataka kusoma nje mara tatu: semesta moja Nairobi, semesta moja Ujerumani, na kozi ya likizo Uturuki, ambayo nitajilipia na haihesabiwi kwenye shahada yangu. Mama anauza vitenge sokoni Arua. Nilipokuwa nyumbani nilimwonyesha hesabu. Akatoa karatasi ya kiwanja alichotuachia baba, akaikunjua juu ya rundo la vitenge, akaniuliza, "Hii itatosha?" Sikumjibu. Mnunuzi anakuja Jumamosi. Nifanyeje?
Binti wa Arua

Marahaba, binti yangu.

Ulinyamaza kwa sababu jibu ulilijua. Haitatosha. Chukua Ujerumani peke yake. Mwanafunzi anayejilipia hutakiwa kuonyesha euro 992 kwa kila mwezi atakaokaa, zikiwa zimewekwa tayari kwenye akaunti iliyofungwa, yaani ya benki ambayo pesa yake unaitoa kwa kiasi cha mwezi tu. Kwa miezi sita, tukihesabu euro moja kwa shilingi 4,000, hizo ni karibu milioni 24, na bado hujakata tiketi ya ndege.

Mlango wako ni mwingine: kubadilishana wanafunzi. Chuo chako kinakuwa na mkataba na chuo cha kule, unaendelea kulipa ada yako ileile ya Kampala, na kule hutozwi ada. Nafasi ikiwa ya Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, unapewa pia mchango wa nauli na posho ya kila mwezi. Chuo chako ndicho kinachokuteua, na kuomba hakulipiwi. Mtu akikudai pesa ya "kukutafutia nafasi", muage. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nenda ofisi ya uhusiano wa kimataifa chuoni, uulize: tuna mikataba na vyuo gani, na ni ipi kati yake yenye pesa? Mingi haina. Wakikuambia yenye pesa ni ya Poland au Sweden, usiing'ang'anie Ujerumani.

Sasa lile la mara tatu. Erasmus+ inaruhusu hadi miezi 12 katika ngazi moja ya shahada, kwa hiyo kwenda zaidi ya mara moja si kosa. Lakini shahada ya miaka mitatu ni semesta sita, wewe umeshazila kadhaa, na ya mwisho utaihitaji kwa utafiti wako. Nenda Ulaya semesta moja. Uturuki iache.

Hapa nisikilize vizuri, maana limenichoma mwenyewe. Mwanangu wa kwanza alisoma nje semesta nzima, akarudi na alama nzuri, idara yake ikakataa kuzihesabu. Alirudia mwaka. Nakumbuka nimesimama kwenye foleni ya benki na karatasi ya kulipia ada ileile kwa mara ya pili, nimeikunja na kuikunjua hadi ikachanika katikati. Masomo aliyoyachukua hayakuwa yameandikwa popote kabla hajaondoka. Wewe usipande ndege bila makubaliano ya masomo: somo la kule upande mmoja, somo la Kampala litakalofidiwa upande wa pili, na chini yake sahihi yako, ya chuo chako na ya chuo cha kule. Nakala moja mpelekee mkuu wa idara mkononi.

Hata ukifadhiliwa, kuna pesa itakayotangulia. Paspoti ya kawaida ni shilingi 250,000. Kuna viza na bima, na kwa kuwa nchi nyingine hazina ubalozi Kampala, huenda ukapanda basi la usiku hadi Nairobi kwa ajili ya viza tu. Posho nayo aghalabu haitolewi yote mwanzoni, kwa hiyo uwe na akiba ya kukuvusha mwezi wa kwanza. Mama akitaka kusaidia, asaidie hapa, kidogo kidogo kwa wiki, kwenye chama chake cha akiba.

Na Nairobi? Usiidharau kwa kuwa iko karibu. Kati ya 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kijana wa Uganda aliyetaka sheria alikwenda Dar, na aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Ila usiifanye semesta. Ifanye mafunzo ya kazi ya likizo: andikia ofisi zinazotumia takwimu kule, mapema, ukiambatanisha barua ya idara. Kuvuka Busia, kitambulisho chako cha taifa kinatosha. Kama kuna ndugu wa kukulaza, hiyo ni safari ya nauli na chakula.

Mpigie mama leo jioni akishafunga meza. Mwambie karatasi irudi sandukuni, na huyo mnunuzi wa Jumamosi aambiwe hakiuzwi, basi. Hana haja ya kumpa sababu.