Satelaiti "ziliweza" kuanguka?

SWALI: Assalaam alaykum Maalim. Mwanangu wa skuli kaandika kwenye insha yake: "Februari 2022 tufani ya jua iliweza kuathiri anga la juu ambapo satelaiti karibu 40 ziliweza kuanguka." Mwalimu wake kaikata "tufani" kwa wino mwekundu, kaandika "dhoruba". Nani kapatia? – Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykumu salaam. Nianze na ulichouliza nikimalize haraka, maana kuna lililonikaa kooni. Tufani na dhoruba yote tumeyapokea kutoka Kiarabu. Tufani ni gharika, ndiyo tunasema tufani ya Nuhu. Na sisi wa Unguja tukilisikia neno hilo tunaikumbuka ile ya 1872 iliyoilaza mikarafuu yetu, yenu ya Pemba ikasalimika. Dhoruba imetokana na dharba, yaani pigo. Huko juu hakuna mvua wala miti ya kung'olewa, kuna pigo. Kwa hiyo "dhoruba ya jua" inakaa vizuri zaidi, ingawa mtoto hakustahili wino mwekundu.

Lakini mwalimu huyo! Kafagia ukumbi mzima, nyoka kamwacha uvunguni. Hizo "iliweza" na "ziliweza" hakuziona?

Maradhi haya yameenea. Juzi redioni nimesikia "watu wawili waliweza kufariki", nikaweka kikombe changu cha kahawa chini. Kuweza ni kuwa na nguvu, ujuzi au nafasi ya kufanya jambo. Kijana aliweza kuupanda mkarafuu mpaka kileleni: sawa, kazi ile si ya kila mtu. Tawi liliweza kukatika: liliomba ruhusa kwa nani? Kijana aliweza kuanguka: kafundishwa wapi? Aliweza kuvunjika mguu: twende tukampe hongera? Na visiwani kwetu mambo yanazidi kuchekesha, kwani mgonjwa ndiye tunayesema hawezi. "Mzee yupo?" "Yupo, ila hawezi." Sasa hao wawili wa redioni waliweza, wazima wa afya, kisha wakafariki.

Wenyewe hunijibu kuwa sentensi inapata uzito. Inapata, kama pweza aliyerowekwa maji kabla ya kupandishwa mizanini.

Tuje kwenye satelaiti. Zilirushwa 49, tarehe 3 Februari 2022, zikaachwa kwanza kwenye kimo cha kama kilomita 210 ili baadaye zipande zenyewe. Kesho yake dhoruba ikazikuta hapo. Jua likitapika wingu la chembe zenye umeme, na wingu hilo likagongana na sumaku ya dunia, mikondo ya umeme hupita huko juu na hewa hupata moto. Hewa ikipata moto hutanuka, kama andazi linavyovimba mafutani, na ile nzito iliyokuwa chini hupanda. Satelaiti zikaikuta njia imejaa hewa kuliko ilivyotarajiwa. Zikavutwa nyuma, na karibu 40 kati ya hizo zikashuka, zikaungua.

Umeona? Mkasa wote ni wa kutoweza! Mtoto kakipachika kitenzi pale pasipokihitaji, akakinyima pahala pake. Basi kama anakipenda sana, aandike hivi: "Dhoruba ya jua iliitanua angahewa ya juu, satelaiti karibu 40 hazikuweza kupanda, zikaanguka." Hapo hata mimi, mzee mwenye hasira, nampa alama zote. Ile "ambapo" yake nimeitupa bila ya kukuuliza. Siku yake nayo itafika.