Kupogoa mgrevilea mrefu: tazama unene wa tawi kabla ya kununua msumeno

Kama umerithi kihamba (shamba la ukoo la migomba na kahawa) chenye migrevilea, ile miti ya kivuli, iliyokatwa vilele zamani ikachipua upya, na sasa unataka vifaa vya kuipogoa, usianze na urefu wa mti. Anza na unene wa matawi. Mimi nilianza na urefu, nikapoteza fedha na nikaumiza mti.

Nilinunua msumeno wenye mpini unaorefushwa hadi mita 6. Ukiurefusha wote unayumba, meno hayatulii kwenye mkato, na mabega yanachoka kabla tawi moja halijaanguka. Isitoshe, nilikata kutoka juu peke yake. Tawi lilipoanza kulala lilichana gome la shina, likaubana msumeno hadi ukapinda.

Siku hizi natumia mpini wa mita 3. Nikisimama chini nafika mita 4 na kitu, na mkono bado unautawala msumeno. Meno yawe makubwa na yakate unapovuta, kwa sababu uzito wa mpini wenyewe unakusaidia kuvuta, lakini kusukuma juu ni kazi bure. Msumeno wa seremala usiulete huku; kuni mbichi zinajaza unga kwenye meno yake madogo unakwama. Ukiwa dukani uliza pia kama meno yananoleka kwa tupa. Yale yaliyokomazwa kwa moto hadi ncha zikawa nyeusi hayanoleki, yakiisha makali unanunua bapa jipya la msumeno, basi hakikisha linauzwa peke yake.

Vichipukizi vya unene wa kidole gumba vinatosha mkasi wa mikono mirefu. Panga liache kwa ajili ya kukatakata kuni chini. Juu ya mti linapasua kisiki, na maji ya mvua yanaingia kwenye nyufa na kuozesha.

Tawi zito likate mara tatu. Kwanza chini yake, theluthi ya unene, kama sentimita 30 kutoka kwenye kichwa cha mti, yaani ile nundu iliyovimba pale mti ulipokatwa zamani. Kisha juu, mbele kidogo ya mkato ule, nalo litaanguka bila kuchana gome. Mwisho ondoa kisiki kilichobaki, juu kidogo ya nundu ya zamani. Usiingie ndani ya nundu, maana humo ndimo machipukizi yanamotokea.

Usisimame chini ya tawi unalokata. Vaa miwani, unga unashuka machoni moja kwa moja. Mti ukiwa karibu na nyaya za umeme, weka msumeno chini uwaite TANESCO. Mpini wa alumini unapitisha umeme, na hata wa mti ukilowa haukulindi.

Chenso juu ya ngazi, hapana kabisa. Tawi lililofikia unene wa paja nampa fundi mwenye kamba na mkanda wa kupandia, na gharama yake siioni kubwa nikikumbuka anachokihatarisha.

Mimi hupogoa Februari, kabla ya masika, kila baada ya miaka 2, migomba na kahawa vipate jua. Matawi hayajapita unene wa kifundo cha mkono wakati huo, kwa hiyo msumeno ule ule unatosha. Utomvu ulioshika meno ya msumeno naufuta kwa mafuta ya taa jioni ile ile, kabla haujakauka.