Taarifa za darasa haziwafikii wazazi

SWALI: Nafundisha darasa la pili, wanafunzi 74. Nimefungua kundi la WhatsApp, lakini kikaoni walikuja wazazi 20 tu. Karatasi nazo zinapotea njiani. Nifanyeje? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Pole na kazi, mwalimu. Kundi linawafikia wenye simu janja na bando tu. Hata hao, tangazo la asubuhi likifuatwa na salamu thelathini, jioni halionekani tena. Weka mpangilio wa wasimamizi pekee kuandika, na utume ujumbe mmoja kila Ijumaa.

Wenye simu za kitochi watumie meseji ya kawaida. Isizidi herufi 160, ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Ikizidi utakatwa gharama ya meseji mbili. Tanguliza siku na saa: “Jumatano saa 3 asubuhi, kikao cha wazazi darasa la 2. Wiki hii tunajumlisha kwa kubeba. Mwulize mtoto 27+15.” Hilo swali la mwisho usiliache kamwe, maana ndilo linalomwingiza mzazi kwenye somo lenyewe.

Karatasi usimpe mtoto mkononi. Mfukoni inalowa jasho. Kata A4 vipande vinne (karatasi 19 zinakutosha), bandika kwa gundi ndani ya daftari la hesabu, mzazi atie sahihi. Kesho yake, unaposahihisha, utaona nani hajapata taarifa.

Alama za mtoto mmoja au deni la mchango wake lisitajwe kundini. Mpigie mzazi wake.