Maswali ya Wasomaji: Nani Aliyeujenga Mji wa Jarrow?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, Assalaam alaykum. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa majahazi, na sasa mwanangu anasomea uhandisi wa meli. Ananiambia kwamba huko Uingereza upo mji mdogo, Jarrow, uliojengwa na muundaji meli mmoja aitwaye Palmer, kisha ukaanguka. Je, mtu mmoja aweza kuujenga mji?
Msomaji, Kuze, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Naam, ni kweli. Charles Mark Palmer, mzaliwa wa South Shields mwaka 1822, alianza kuunda meli Jarrow, kando ya mto Tyne, na mwaka 1852 akaishua John Bowes, meli ya chuma yenye mvuke na rafadha, iliyopeleka tani 650 za makaa ya mawe London na kurudi kwa siku tano hivi, kazi ambayo merikebu mbili za matanga zingeifanya kwa karibu mwezi mzima.

Hata hivyo, naona kikubwa zaidi ni namna alivyoipanga kazi yake. Fundi wa jahazi hununua mbao kwa huyu na misumari kwa yule, na tanga akamwachia mshonaji. Palmer alitaka vyote viwe vyake: mawe ya chuma yalichimbwa katika machimbo yake ya Cleveland, huko huko Uingereza, yakapakiwa melini katika bandari ya Port Mulgrave, yakayeyushwa katika matanuri ya Jarrow, yakawa mabamba, na mabamba yakawa meli, yote mkononi mwa kampuni moja. Watu wakamiminika, wakiwamo Waayalandi wengi, na Jarrow ilipopata baraza lake mwaka 1875, meya wa kwanza alikuwa Palmer mwenyewe.

Kwa hiyo mji mzima ukategemea lango moja la kazi, na hilo ndilo linalonihuzunisha. Palmer alifariki mwaka 1907. Uchumi ulipodorora, waundaji meli wa Uingereza walianzisha kampuni ya kununua na kufunga viwanda vilivyozidi mahitaji. Cha Jarrow kikafungwa, kwa sharti kwamba pasiundwe meli hapo kwa miaka 40. Oktoba 1936 wanaume 200 wa Jarrow wasio na kazi walitembea kwa miguu hadi London na ombi la kupatiwa kazi lenye sahihi zaidi ya 11,000, mbunge wao Ellen Wilkinson akiwa pamoja nao, lakini Waziri Mkuu Stanley Baldwin akakataa kuonana nao. Waliporudi kwa treni walikuta posho zao za kukosa kazi, zitolewazo na serikali, zimekatwa, kwa kuwa siku walizokuwa njiani hawakuwapo mjini kupokea kazi, kazi ambayo Jarrow haikuwa nayo.