Usimrudishe baharini kabla hujamgeuza

Mwenzangu, usimrudishe huyo koa wa baharini kabla hujamtazama chini! Umeandika kwamba alfajiri, maji yakipwa, unampeleka pale pale mwambani Jambiani ulipomwokota, kisha unatuma orodha yako ya makoa imeandikwa jina la kitaalamu, Phyllidia varicosa. Umeuliza kama jina ni sawa, na anakula nini. Picha zako 9 nimezifungua zote, na zote 9 ni za mgongo. Moyo umenipiga paa, maana mie nilianza hivyo hivyo.

Koa mweusi wa sentimita 3, matuta ya buluu iliyopauka, vinundu vyenye vichwa vya njano. Anaweza kuwa varicosa. Anaweza vilevile kuwa ndugu yake, Phyllidia coelestis, na kwa udogo huo mie simtaji jina kwa mgongo peke yake, hata ukinibembeleza. Varicosa aliyekomaa huweza kupita sentimita 10, huyo hana tabu. Tabu ni hawa wadogo. Ukimgeuza, varicosa ana mstari mweusi katikati ya unyayo, umeshuka kutoka mbele hadi nyuma. Coelestis hana mstari huo, unyayo wake mtupu.

Sasa sikiliza yaliyonikuta. Kaskazi mbili nilizunguka miamba ya magharibi ya Pemba na ngalawa ya mjomba wangu. Ananishusha na miwani yangu ya kuzamia, ananisubiri juani, saa tatu, saa nne, hata chai hajanywa. Nikimwona koa napiga picha, naandika kina, naandika amekaa juu ya sifongo wa rangi gani, napanda. Nilifika makoa 71. Daftari zima nimeandika varicosa, varicosa, varicosa, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikampelekea mama mmoja anayewajua viumbe hawa kweli kweli. Hakunisifu wala hakunikosoa. Aliuliza swali moja: "Unyayo una mstari?"

Nilikaa na picha zile usiku kucha. Migongo 71. Katika zote nilipata picha moja tu ambapo koa aliteleza kwenye jiwe akalala ubavu, na ukiikuza unaona upande wa chini: kijivu, laini, hakuna mstari hata wa kudanganyia. Coelestis. Huyo mmoja ndiye aliyeniangusha, kwa sababu kama yeye nilimkosea, wale 70 nitawaapia kwa lipi? Orodha yote niliiondoa. Kumwambia mjomba kwamba kaskazi mbili zake zimekwenda na maji, hilo mpaka leo linaniuma kuliko orodha yenyewe.

Na kosa hili sikulizua mwenyewe. Tulifundishwa siku moja, tumekaa chini ya mkungu, wengine wameacha kazi zao, na bwana mmoja aliyekuja na kadi ya plastiki yenye picha sita, zote za juu. Akasema, "Mweusi, buluu, njano: varicosa. Msipoteze muda." Nikikumbuka sauti yake hasira hunipanda upya. Coelestis si mgeni duniani. Mtaalamu wa makoa, Bergh, alimpa jina mwaka 1905, na mwenzake wa baadaye, Brunckhorst, alipoipitia familia yao nzima mwaka 1993, mstari wa unyayo ulikuwa miongoni mwa alama za kuwatenganisha. Kama yule bwana alijua akatunyima, ametudhulumu. Kama hakujua, alisimama mbele ya watu kufundisha nini? Wewe umeandika maneno yale yale karibu neno kwa neno, ndiyo maana nimeshtuka. Kadi ile bado inazunguka.

Tena chini hapo hapo utawabaini na wengine wanaomwiga. Kuna jongoo bahari mchanga, Pearsonothuria graeffei, ambaye utotoni hufanana na makoa hawa kwa rangi, weupe na weusi na vimiiba vya njano. Mgeuze tu, utaona vijiguu vyake vidogo vidogo vya kunatia. Minyoo bapa nao ni wembamba kama karatasi, hawana unyayo uliojitenga na mwili. Phyllidia ana unyayo wake kamili, na kando yake, chini ya ukingo wa joho, yaani ngozi ya mgongo, matamvua yamepangika kama kurasa za kitabu. Usiyatafute mgongoni, hayapo huko.

Namna ya kumgeuza usimbane kwa vidole. Chukua bilauri ya kioo iliyo safi, jaza maji ya bahari, muweke humo peke yake. Mwache. Baada ya dakika chache atajinyoosha, atoe vile vipembe vyake viwili vya njano, aanze kupanda ukutani mwa kioo. Hapo unyayo wote umebanwa mbele ya macho yako, unaonekana unavyojivuta kidogo kidogo. Piga kwa nje, pembeni, si kwa juu.

Nimesema peke yake, na nimeona kwenye picha ya 4 ndoo yako ina visamaki viwili. Watoe sasa hivi. Makoa hawa hula sifongo na kuichukua sumu yake. Mwaka 1963 mtafiti R. E. Johannes aliandika kuhusu varicosa wa Hawaii, jinsi ute wake unavyoua samaki na hata wanyama wa jamii ya kaa na kamba. Visamaki vyako havina pa kukimbilia.

Basi, bado una usiku mzima mbele yako na bilauri haikosekani nyumbani. Nirushie picha ya unyayo hapa hapa, hata kama imetikisika. Kama mstari upo utaonekana. Orodha isiende popote kabla hatujauona.