Word inadai hakuna intaneti, na intaneti ipo

Ndugu, kama Chrome inafungua kurasa vizuri lakini Word na Outlook zinadai hakuna intaneti, usikimbilie kuzifuta na kuzisakinisha upya. Utamaliza bando bure. Programu hizo huitegemea Windows iziambie kama mtandao upo, nayo Windows hujipima kwa kusoma faili dogo la maandishi. Faili hilo lisipofikika, Windows huona hakuna intaneti.

Lifungue mwenyewe: www.msftconnecttest.com/connecttest.txt. Yakitokea maneno "Microsoft Connect Test", njia iko wazi. Yasipotokea, zima kwanza VPN na proksi (huduma zinazopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine), kwangu mimi VPN ndiyo ilikuwa chanzo. Bado inagoma? Ingia kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows, hufunguliwa kwa regedit), HKLM (yaani HKEY_LOCAL_MACHINE)\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\NlaSvc\Parameters\Internet, hakikisha EnableActiveProbing ni 1, kisha zima kompyuta na uiwashe tena. Tuambie umeona nini.